Mama Bujiku Kwenye Hatua Fupi

Jumapili, 8 Juni

Leo nimejipa kazi ambayo hakuna mtu aliyenipa. Baada ya misa Mwalimu Eufrasia alikuja kibandani kwangu na kitambaa cha njano, anataka jezi tano za kukimbilia. Anaunda timu ya wanawake wa Masumbwe waende kwenye mbio za nyika mwezi wa nane, kutoka Kishapu mpaka Buseresere, siku nne porini. Hatua ni tano na kila hatua ina mtu wake. Mmoja wenu akishindwa kufika ndani ya muda, timu nzima nje, mnapanda gari mnarudi nyumbani na aibu yenu.

Nikaandika vipimo vya wanne. "Ya tano je, mwalimu?"

"Huyo bado tunamtafuta. Ni wa hatua fupi tu, kilomita kumi na saba. We shona ya katikati."

Ya katikati! Miaka yote niliyokaa kwenye cherehani sijawahi kumwona mtu wa katikati. Alipoondoka nikachukua futi nikajipima mwenyewe, kifua, kiuno, mabega, nikakata. Sasa tuone nani mwingine Masumbwe ataijaza jezi yenye kifua hiki.

Jumanne, 10 Juni

Eufrasia kaja kuchukua nguo. Kainua ya tano, kanitazama, kaitazama tena.

"Mama Bujiku, umewahi kukimbia?"

"Nimechunga ng'ombe wa baba mpaka siku naolewa. Unadhani ng'ombe wanakungoja?"

Kacheka mpaka kakaa. Kaniambia nije kesho alfajiri, lakini jezi kaondoka nayo.

Jumatano, 11 Juni

Nimekufa. Nimezikwa. Anayeandika hapa ni mzimu.

Alhamisi, 12 Juni

Jana sikuweza hata kushika kalamu vizuri. Tulitoka watano, tukapita njia ya mashamba ya mpunga yaliyokauka. Kabla hatujafika mtoni mimi nilikuwa nimeshakaa chini mara tatu. Aliyenirudia ni Ghati, yule Mkurya aliyeolewa na muuza vipuri vya pikipiki. Huyo ndiye moto wetu, ndiye amepewa hatua ya mwisho. Hakunipa pole. Alisema tu, "Simama, mama, ukikaa miguu inaganda," akanivuta kwa mkono.

Nyumbani mama mkwe alinikuta naingia nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. "Shikamoo mama." Akanikagua kuanzia miguuni. "Mama Bujiku, ukikimbia hivyo njiani watu watadhani mwanangu anakupiga." Mume wangu Thobias alikuwa ndiyo kwanza karudi kutoka kazini kwenye mashine ya karasha, mweupe wa vumbi la mawe kama mtu aliyemwagiwa unga, akacheka hadi akakohoa. Nilimwambia acheke vizuri, kwa sababu chakula atapika mwenyewe.

Jumatatu, 16 Juni

Upepo. Nimekaa chini mara moja tu.

Alhamisi, 19 Juni

Balaa limekuja kwa jina la Noela. Ana miaka ishirini na mbili, ana miguu ya korongo, anauza vocha stendi, na amemwambia Eufrasia kwamba anaitaka hatua fupi. Eufrasia katuita wote wawili. Kasema jezi ni moja, watu wawili, basi tarehe 12 mwezi ujao tutashindana na atakayeshinda ataivaa.

Noela ananiita "bibi" kwa utani. Nami nikamwambia mjukuu wangu ajiandae.

Kusema kweli nimeumia. Hata sijui kwa nini naitaka jezi ile kiasi hiki. Mwanzo ulikuwa mzaha na ubishi wa kifundi. Lakini sasa, tukishapanda kile kilima cha nyuma ya kanisa, jua linatoka, pumzi imekubali, nasikia mwili wangu unanitii, na kitu hicho sijakisikia tangu nikiwa msichana. Sitaki kunyang'anywa.

Jumamosi, 28 Juni

Vumbi jekundu, midomo imepasuka. Noela kaniacha mbali. Mama mkwe: "Leo nani alikuwa anakufukuza?"

Jumamosi, 5 Julai

Eh! Leo ngoja niandike.

Nilikuwa namshonea mteja mfuko wa kijora, yeye mwenyewe kakivaa, nikasikia filimbi ya Sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, upande wa malishoni. Halafu mwano: lile yowe la "uuuwi" linalopokewa na nyumba hii likapelekwa nyumba ile. Kwetu mwano ukipigwa hakuna anayeuliza habari. Jembe linaachwa shambani na ugali jikoni, unakwenda. Usipokwenda utatozwa, na ukizidi kiburi utatengwa, hata moto wa kupikia hupewi. Wanawake mara nyingi kazi yetu ni kulipokea yowe na kulisukuma mbele, wanaume ndio wanaofukuza. Lakini mtu mmoja alipita akipaza sauti kwamba ng'ombe walioswagwa ni wa mama Thobias. Mama mkwe wangu! Yule dume la baka na mtamba wake!

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka yeboyebo moja imenivuka mguuni ikabaki kwenye tope la bomba na mimi niko mbele ya wanaume, nimeshika mkasi. Tumewakuta ng'ombe wamefungwa korongoni, wezi wamekimbia. Niligeuka kutafuta watu wangu. Noela alikuwa nyuma sana, anatembea, kashika mbavu. Eufrasia yuko karibu yangu anahema, ananitazama kama mtu anayemwona mgeni.

"Mama Bujiku. Kwa nini mazoezini hukimbii hivi?"

"Mazoezini kuna ng'ombe wa nani?"

Mteja nilimkuta bado yuko kibandani, pini zimemzunguka, anaogopa kukaa.

Jumamosi, 12 Julai

NIMESHINDA! Kwa urefu wa mbuzi mmoja, lakini nimeshinda! Noela alilia, na mimi nikalia kwa kumwona analia. Halafu Eufrasia katangaza kwamba yule wa hatua ya pili ana mimba na amejitoa, Noela achukue nafasi yake. Tukafuta machozi tukacheka. Jezi iko kichwani kwa kitanda changu.

Jumatatu, 21 Julai

Kucha ya dole gumba imeng'oka. Noela kanipa mafuta ya nazi. Siku hizi ananiita dada.

Ijumaa, 1 Agosti

Mama mkwe ametwanga karanga bila kuombwa, kaziweka kwenye kikopo, kasema ni za njiani. Nimempigia goti nikamwambia wabeja, asante. Kasema tusizungumze sana, karanga zitapoa.

Jumatano, 6 Agosti. Mhunze, Kishapu

Tumeanza! Timu tisa. Eufrasia kakimbia hatua ya kwanza kwenye nyika ya pamba iliyovunwa, jua kali, kivuli hakuna. Kafika wa tano, kafika anatapika, lakini ndani ya muda.

Alhamisi, 7 Agosti

Noela wa tatu! Mjukuu wangu!

Jioni kambini nikakutana na Serafina wa timu ya Kishapu. Na yeye anakimbia hatua fupi. Mrefu, ana saa kubwa mkononi na raba za bei ambayo sitaki kuisikia. Nilimsalimia kwa Kisukuma, akanijibu kwa Kiswahili cha redioni. Akatazama kikopo changu cha karanga. "Mama, hatua fupi siyo ya kutembea. Wengine tumewekwa pale kuzipoteza timu zenu." Nilikuwa na jibu, na lilikuwa jibu bichi. Ghati akanikanyaga mguu, nikalimeza.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, wenzetu wako kwenye maonyesho wanakula nyama. Sisi tuko kambini na matobolwa, viazi vyetu vikavu, na chai. Mwenzetu wa hatua ya tatu kafika kwa shida, na sasa tuna nafasi ya nne, Kishapu wa tatu. Kesho asubuhi ni mimi: kutoka kambini hapa mpaka kijiji cha Isangijo, kabla ya saa tatu kamili. Pale Ghati atakuwa ananisubiri. Nikimpa kitambaa cha timu, kile tunachopokezana, kabla ya saa tatu, anaendelea mpaka Buseresere. Nikichelewa, kazi ya wenzangu wote imekwenda na maji.

Ghati kaniambia kitu kimoja usiku huu. Kasema kwao Tarime alikuwa mkimbiaji wa mkoa, halafu akaolewa, akazaa, na sasa ana miaka saba hajawahi kusimama kwenye mstari. "Nifikishie tu hicho kitambaa, mama." Basi. Kajifunika kanga kalala. Mimi ndiye niliyebaki macho.

Jumamosi, 9 Agosti. Buseresere

Nisipoandika sasa nitapasuka.

Tulianza kukiwa na baridi, jua halijatoka. Serafina akatoka kama mshale, nami nikasema wacha aende. Nilishika mwendo wangu. Nikapita mashamba ya mihogo, nikapita mashimo ya wachimbaji yenye maturubai ya bluu, wakaniita "twende, shangazi, twende!" Pumzi ikakubali. Nikaanza kuwapita watu, mmoja, mwingine, jamani, mimi nampita mtu! Kwenye meza ya maji ya kijiji cha Mwanzagi mwangalizi alikuwa Masudi, bwana mmoja mpole kutoka Tanga ambaye kila siku ya mbio alitukatia ndizi. "Hongera dada, wewe wa pili!" Wa pili! Nilikunywa nusu kikombe nikaondoka naruka. Nikapanda mlima wa mawe, na juu nikamwona Serafina mbele, karibu kabisa, nasikia hata raba zake kwenye kokoto. Muda tele. Nilitaka kuimba.

Ndipo nikasikia filimbi nyuma yangu.

Siyo ya mara moja. Ndefu, inarudiwa, inarudiwa, ya mtu aliyeshikwa na jambo. Na kabla sijafikiri, mwanamke mmoja bondeni akaipokea: "Uuuwi!" Nyumba ya pili ikapokea. Mwano.

Naapa, miguu iligeuka kabla ya kichwa. Nilikuwa nimeshateremka nusu ya mlima nilipokumbuka kwamba niko kwenye mbio. Nikasimama. Nikageuka kumtazama Serafina. Alikuwa amesimama juu pale, ameinamisha kichwa anasikiliza. Halafu akaendelea na safari yake.

Nilimwaza Ghati. Naandika ukweli, nilimwaza Ghati na kanga yake, na roho ikaniuma kweli. Lakini mwano unalia! Kama kuna mtu anakufa? Kama ni mkimbiaji mwenzangu yuko chini? Nikakimbia kurudi. Wale niliowapita wananipita wanapungia mikono, "Siyo huko! Siyo huko!" Wageni hao, hawajui.

Watu walikuwa wanamiminika kutoka kila upande, na fimbo, na mapanga, na pinde. Mbele kabisa kulikuwa na mzee mwembamba mwenye koti la jeshi lililochakaa, ndiye kamanda wao wa Sungusungu, Makoye. Tukafika pamoja mezani. Na tulichokuta ni hiki: mbuzi. Mbuzi wa kijiji kizima wamepanda meza, wanakula ndizi za wakimbiaji, na Masudi kasimama juu ya kreti, macho yamemtoka, anawapulizia filimbi wakimbie! Filimbi aliyopewa na waandaaji kwa ajili ya hatari!

Ningecheka, lakini Masudi aliinua uso akaona watu mia na mapanga wanamjia. Akafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Akakimbia.

Kwenye mwano anayekimbia ndiye mwizi! Walimdaka kabla hajamaliza uwanja wa shule. Nikaona fimbo zinainuka. Sikumbuki nilipita wapi, nakumbuka niko juu yake, nimemlalia kama kuku na kifaranga, napiga kelele kwa Kisukuma kwamba msimpige, siyo mwizi, ni mtu wa mbio, alikuwa anafukuza mbuzi. Fimbo moja ilinipata begani, mpaka sasa panauma. Makoye akapaza sauti, wakatulia.

"Wewe mama ni nani, mayu?"

"Limi. Mke wa Thobias, wa Masumbwe. Nilikuwa mlimani kule, nimesikia mwano nikarudi."

"Umerudi kutoka wapi?"

"Nilikuwa kwenye mashindano. Nilikuwa wa pili."

Fimbo zikashuka. Makoye akamtazama Masudi aliyekuwa analia kimya, akawatazama mbuzi ambao walikuwa wamefika kwenye maganda. Akauliza tu natakiwa kufika wapi, na saa ngapi. Nilipomwambia Isangijo, kabla ya saa tatu, alitazama jua. "Yaani sisi tumekupotezea." Akampa Masudi mkono akamsimamisha, akamwambia kwa upole kwamba kwa kupiga mwano wa uongo atatoa mbuzi, lakini hilo tutazungumza baadaye. Halafu akageukia kijiji chake.

"Mmemchelewesha. Mfikisheni."

Jamani! Jamani! Walinizunguka wakaanza kukimbia. Watu mia! Kinamama nao wameinua kanga, vijana mbele wanaondoa miiba njiani, mzee mmoja kando yangu na upinde wake, na wote wanaimba wimbo wa kulimia, ule wenye mdundo wa jembe, na miguu yangu ikaingia kwenye mdundo ikasahau kwamba ni yangu. Mlima ule nilipanda bila kuuona. Nilipoanza kuishiwa nguvu mwanamke mmoja, jina simjui, akaniambia sikioni, "Bado kidogo, ng'wanawane, mwanangu, bado kidogo," naye ana mtoto mgongoni! Tuliwapita wakimbiaji waliokuwa wamenipita. Walikaa kando wakatupisha, wengine walipanda miti.

Isangijo wakaona vumbi. Sasa jiweke wewe mahali pao: umesimama kwenye mstari wa kumalizia, una kiti cha plastiki na bendera, mara kichakani linatokea jeshi lenye mapanga, linaimba. Mtunza saa, bwana Cornel, aliitupa saa ya mezani akajifungia ndani ya gari. Waandaaji wote walitimua. Mstarini alibaki mtu mmoja.

Ghati. Kasimama, mkono kaunyoosha nyuma, hata hajapepesa macho.

Nikampa kitambaa. Hakungoja mtu aseme neno. Niliona visigino tu.

Nilianguka pale pale nikalala chali nacheka. Nilipoinuka mzozo ulikuwa umeshaanza. Cornel katoka garini, kaikuta saa imekanyagwa imezima. Anasema hawezi kuthibitisha tumefika kabla ya saa tatu, hivyo Masumbwe wametolewa na Ghati arudishwe kwa pikipiki. Eufrasia anampigia kelele za darasani. Makoye anamwonyesha jua. Cornel anasema jua siyo kifaa cha mashindano. Nami nimesimama katikati, ile furaha inanitoka mwilini kama maji, kichwani namwona Ghati anavyorudishwa nyuma ya pikipiki.

"Ilikuwa bado dakika nne."

Alikuwa Serafina. Kakaa chini kwenye turubai la waliofika, taulo shingoni. Kasimama, kainua mkono wenye ile saa kubwa. "Nilitazama wakati anampa mwenzake kitambaa. Ilikuwa bado dakika nne."

Cornel akamwangalia. "Wewe si wa Kishapu? Masumbwe wakitoka, nafasi ya tatu ni yenu. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Una uhakika na saa yako?"

"Nimesema bado dakika nne."

Cornel akachukua kalamu yake, akaandika. Masumbwe wamo! Tulipiga vigelegele mpaka mbuzi wa Isangijo nao wakakimbia.

Baadaye nilimfuata Serafina kwenye turubai. Nilikuwa nimeandaa maneno, mazuri na mabaya, sikujua yapi yatatoka. Akanitangulia. Alisema kwa Kisukuma, cha kwao kabisa, cha Kishapu ndani.

"Niliusikia ule mwano, dada. Nikajifanya mgeni."

Sikumwambia si kitu, kwa sababu ni kitu. Nilikaa karibu naye, tukala karanga.

Jumapili, 10 Agosti. Bado Buseresere

Sasa habari yenyewe. Ghati jana aliingia mjini akiwa wa kwanza! Wa kwanza wa hatua nzima! Barabara ya Biharamulo ilisimama, malori yanapiga honi, na yule mwanamke asiyecheka alikuwa anacheka, meno yote nje, analia na kucheka pamoja. Alimwacha hata wa Kishapu kwa mbali. Tukawekwa wa tatu kati ya timu tisa. Kishapu wa nne.

Wakati wa kutaja majina nilikuwa namwangalia Serafina. Wenzake walikuwa wamesogea kidogo, wamemwachia nafasi kila upande. Nani atawalaumu, wamekimbia siku nne. Yeye alikuwa anatupigia makofi, kwa nguvu, mikono juu.

Tulipoitwa kupiga picha nikapita katikati ya watu nikaenda kumshika mkono. "Njoo usimame na sisi." Akakataa. Nikamvuta, mimi si mtu wa kukataliwa, akakataa tena, lakini safari hii alikuwa anacheka, na machozi yako pale pale.

"Kapige picha na wenzako, mayu. Mimi narudi kwetu kufanya mazoezi. Mwakani ukipigwa mwano, ukigeuka tu, utanikuta nimeshakupita narudi."